Nusu ya Sindano

Bafta mpya, kile kitambaa cheupe cha pamba, ina harufu yake, harufu ya wanga na ya rafu za dukani, na ukiichanganya na mafuta ya cherehani iliyopata moto unapata harufu ya nyumba yetu ya Ngamiani katika mwezi wa Shaabani, mwaka ule nilipokuwa na miaka tisa. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Baba alikuwa karani bandarini, mtu wa maneno machache na kofia safi. Mama alikuwa mshonaji, si wa kukaa barazani na kusubiri wateja, bali mshonaji wa nyumbani: alitushonea sisi, akawashonea majirani waliokuja na kitambaa na kipimo cha kamba, na kila mwaka kabla ya Ramadhani alitushonea nguo za vunja jungu. Watu wa Tanga hawakuingia mfungoni kimyakimya. Katika siku za mwisho za Shaabani kila familia ilifunga vyakula vyake ikaenda mahali, wengine Raskazone kutandika mikeka karibu na maji, wengine mashambani kwa jamaa zao, wakala na kucheka mpaka jioni. Sisi tulikwenda Kigombe kwa Shangazi Mwanahamisi, dada mkubwa wa baba. Nilikuwa nikiisubiri safari hiyo tangu Mfungo Mosi wa mwaka uliopita, na nadhani ndiyo sababu mambo yalitokea kama yalivyotokea.

Cherehani yetu ilikuwa ya mkono, inakaa mkekani chumba cha mbele, na kazi yangu ilikuwa kuzungusha mpini wakati mama akiongoza kitambaa kwa mikono miwili. Aliposema "twende" nilizungusha, aliposema "basi" niliacha. Sindano za mkono sikuruhusiwa kuzigusa asipokuwepo. Alikuwa nazo tano, zimechomekwa kwenye kipande cha flaneli nyekundu, na kila siku kabla ya kuadhiniwa magharibi alizihesabu kwa kidole. Wakati ule niliona ni ubahili. Sasa najua ilikuwa hofu, kwa sababu katika mkeka uleule alikuwa anatambaa mdogo wangu Athumani, wa miezi saba, mtoto mnene mwenye kicheko cha bure, na kati yangu mimi na Athumani mama alikuwa amezika wawili. Watoto wale hawakutajwa nyumbani kwetu. Lakini kila Athumani alipokohoa mama aliacha kushona, akageuza shingo, akasikiliza mpaka kikohozi kipite. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Siku mbili kabla ya safari nguo zote zilikuwa zimekwisha. Kilichobaki kilikuwa kitandiko cha Athumani, kigodoro kidogo cha kuketia alichokishona mama kwa khanga kuukuu zilizokunjwa mara nne na kujazwa usufi, ili mtoto asiumie kwenye viti vya mbao vya basi. Alikuwa amekwisha kukijaza. Upande mmoja tu ulikuwa wazi. Baada ya alasiri akaitwa nyumba ya tatu kwenda kumwona mzazi aliyejifungua juzi. Akamfunga Athumani mgongoni, akaniambia, "Zuhura, kaa hapa uangalie wali usiungue. Hicho nitakimaliza nikirudi." Wali haukuwa na haja yangu. Nilikaa nikakitazama kitandiko, nikafikiri jinsi mama atakavyofurahi akikuta kimekwisha, na jinsi atakavyomwambia shangazi kule Kigombe, "Huu mkono ni wa Zuhura." Nikachukua sindano moja kwenye flaneli, nyembamba kuliko zote kwa sababu ndiyo niliyoipenda, nikatunga uzi.

Vidole vyangu vilikuwa vidogo na kitambaa kilikuwa kinene. Mishono mitatu ya kwanza ilipita. Wa nne ulikataa. Nikaikandamiza sindano kwa kisigino cha mkono, kama nilivyomwona mama akifanya kwa tondoo aliyoivaa kidoleni, na nikasikia mlio mdogo, kama mtu anavunja kijiti cha kiberiti chumba cha pili. Mkononi nilibaki na nusu yenye tundu na uzi. Nusu yenye ncha ilikuwa imeingia kwenye usufi. Nikatia vidole, nikachambua, nikatoa mafundo ya usufi nikayafumba mkononi moja moja nikitaka yanichome. Hayakunichoma. Nikakibonyeza kitandiko chote kwa viganja, nikakiwekea shavu, nikakikalia. Hakuna kitu. Kisha nikasikia sauti ya mama nje akiagana na watu. Nikarudisha usufi haraka, nikachukua sindano nyingine, nikafunga upande ule kwa mishono mirefu mibaya, na ile nusu yenye tundu nikaitupa chooni. Mama alipoingia alikiona kitandiko, akakigeuza, akacheka. "Umeshona kama unafunga gunia," akasema, lakini alifurahi, na furaha yake ndiyo iliyonifunga mdomo. Jioni alizihesabu sindano zikawa nne. "Ya tano iko wapi?" Nikasema, "Sijui, mama." Akalitikisa jamvi, akapapasa sakafu kwa kiganja, akamwinua Athumani akamkagua nyayo na magoti. Nilisimama na taa nikimmulikia.

Nimewahi kuogopa mambo mengi tangu siku ile, lakini sijapata kuogopa kwa namna ile, kuogopa kitu ambacho mimi peke yangu nakijua na wengine wote wanakikalia wakicheka. Usiku nililala macho. Asubuhi nilikibonyeza tena kitandiko kila mahali, nikiomba kinichome hata kidole kizima. Niliwaza kukitupa kisimani, kukichoma moto, kusema kimeibwa. Niliwaza pia kusema kweli, na kila nilipofungua mdomo nilimwona baba akivua mkanda, na mama akisema kwa sauti ya chini kwamba Zuhura atabaki kwa jirani siku ya vunja jungu. Mtoto wa miaka tisa hupima vitu kwa mizani yake. Upande mmoja niliweka mdogo wangu, na upande wa pili nikaweka gauni jipya lililotariziwa maua ya manjano na safari ya basi, na naona aibu hata leo kusema kwamba mizani ilikaa sawa.

Siku ya safari tulipanda basi la Pangani asubuhi, na barabara ilikuwa mashimo matupu katikati ya mashamba ya mkonge, safu baada ya safu, mpaka macho yanachoka. Mama alitaka kukiweka kitandiko mapajani pake ili amketishe Athumani. Nikamwomba anipe mimi mtoto. "Leo umepatwa na huruma gani?" akauliza, akanipa. Nilipoona ametazama dirishani nilikivuta kitandiko nikakikalia mimi, Athumani nikampakata mapajani pangu juu ya gauni jipya. Kila basi liliporuka nilikaza meno nikingoja kuchomwa. Tulivuka mashamba, tukashuka kwenye minazi, tukaanza kusikia harufu ya samaki wa kukaushwa, na bado sikuchomwa. Athumani alinikojolea, na hata hilo lilinipa faraja. Tulipofika Kigombe nilikuwa nimeanza kujiambia kwamba labda ncha ile ilianguka mkekani, mama akaifagia, ikatoka na taka, yakaisha. Hofu ikichoka hujitafutia godoro.

Nyumba ya shangazi ilikuwa imejaa wanawake wakikuna nazi. Nilimwamkia, "Shikamoo, shangazi," akaitikia, akanigeuza mara mbili kutazama gauni, akamsifu mama. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, sauti yake ikisikika nyumba tano, na kijiji kizima kilimtambua kwa mikono yake: wazazi wote wa pale alikuwa amewakanda yeye, na watoto wao akawachua kwa mafuta ya nazi. Nikatumwa kisimani pamoja na watoto wengine. Sikuwa nimefika mbali. Nilisikia kilio cha Athumani, na sikuwa na shaka hata kidogo ni kilio cha nini. Nilitupa ndoo nikarudi mbio. Mama alikuwa ametandika kitandiko mkekani akamketisha Athumani juu yake ili yeye mwenyewe apate kushika mbuzi ya nazi, na mtoto amekuwa mwekundu, mdomo umefunguka, sauti imekatika ile namna ya mtoto anayelia mpaka pumzi inapotea.

Wanawake walimpokea mkono kwa mkono. Mmoja alisema ni mchango wa tumboni. Mwingine alisema ni jicho, mtoto mzuri hivi kaletwa mbele ya watu bila hata alama ya wanja usoni. Mama alimpa ziwa akalikataa. Mguu wake wa kushoto alikuwa ameukunja na hakutaka kuunyosha, na mimi niliuona mguu ule kabla ya mtu mwingine yeyote. Shangazi akaketi chini, akanyosha miguu, akamlaza Athumani kifudifudi juu ya miundi yake. "Leteni mafuta," akasema. "Huyu tumbo limemshika, linamvuta mpaka pajani. Nitamchua sasa hivi atalala." Akapaka mafuta viganjani, akaanza mgongoni, akashuka kiunoni, akafika kwenye paja, akabonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu zake zote. Athumani alitoa sauti ambayo sikujua kwamba mtoto mchanga anayo.

"Shangazi, usimkande!" Nilipiga kelele mpaka kuku wakaruka. Mtoto kumkataza mtu mzima, tena mbele ya watu, tena shangazi yake, lilikuwa jambo lisilosikika pwani yetu. Mikono yake ikasimama. "Unasemaje wewe?" Nikasema, "Kuna sindano. Kwenye kitandiko kuna sindano imevunjika." Baada ya hapo nakumbuka kizio cha nazi kikimwanguka mama mkononi na kubingirika mkekani. Mama alimnyakua mtoto, akafuta mafuta kwa upindo wa khanga, akainamisha uso mpaka karibu na ngozi. Kulikuwa na nukta nyekundu, ndogo kama kichwa cha siafu, na pembeni yake uvimbe. Sindano yenyewe haikuonekana. Ilikuwa imekwisha kuingia ndani.

Baba aliitwa kutoka msikitini. Aliingia uani na viatu mkononi, akatazama, akauliza swali moja: "Sindano imefikaje humo?" Nilikuwa nimesimama karibu na ukuta wa makuti. Mkojo ulinichuruzika miguuni. Nilifungua mdomo, na kabla sauti haijatoka mama akasema, bila kunitazama, "Ni mimi, Baba Zuhura. Ilinivunjikia nikishona. Nikasema nitaitafuta, nikasahau. Zuhura aliniona." Baba alimtazama. Sijawahi kuona uso wa baba ukiwa mtupu namna ile. Kisha akavaa viatu, akatoka kutafuta gari.

Basi halikuwa na safari ya kurudi mpaka kesho yake. Lilipatikana lori la samaki lililokuwa likienda mjini, na dereva, Mungu amrehemu popote alipo, aliwateremsha watu wawili wa mbele ili mama akae na mtoto. Baba akapanda nyuma kwenye matenga. Mimi niliachwa. Mama alipokuwa akipanda nilimshika khanga, akanibandua vidole taratibu, kimoja kimoja, akapanda. Lori liliondoka, na harufu ya samaki ikabaki pale barabarani muda mrefu baada ya mlio wake kupotea.

Nilikaa Kigombe siku mbili. Chakula cha vunja jungu kililiwa na watu wengine. Shangazi hakuacha kusema. Alisema akichota maji, akasema akichambua mchele: "Mwanamke gani huyo, cherehani ndani ya nyumba, mtoto anatambaa, anasahau sindano? Amekwisha kuzika wawili, hajapata funzo?" Wanawake waliitikia kwa kuguna. Kila neno lilikuwa langu, na kila neno alipewa mama. Mara nne nilimfuata nyuma ya nyumba nikitaka kumwambia, na mara nne aligeuka akanitazama kwa macho yake makali, nikasema naomba maji. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nami niliamini kwa moyo wote kwamba kifo kilikuwa kimekwisha kufika Tanga, kwamba Athumani amekwisha kuoshwa na kuvishwa sanda ya bafta, bafta ileile ya nguo zetu, na kwamba hakuna mtu aliyepata nafasi ya kuja kuniambia.

Siku ya tatu, jua likiwa utosini, nilimwona baba akija peke yake kwenye njia ya minazi. Nilimtazama mwendo wake. Nilikuwa nimewaona watu wanaoleta habari za msiba, hutembea polepole wakifika karibu na nyumba, na baba alianza kutembea polepole. Nilitaka kukimbia baharini. Akafika, nikasema "Shikamoo, baba," kwa sauti isiyokuwa yangu. "Marahaba," akasema. Akavua kofia, akajifuta jasho. "Njia hii ina mchanga mwingi. Mdogo wako hajambo. Hospitali walimpiga picha ya mifupa, wakaiona sindano, wakaitoa. Anacheka." Nikakaa chini palepale mchangani. Baba alidhani ni jua, akaniletea maji ya dafu.

Athumani alirudi nyumbani na bendeji pajani na mshono wa urefu wa kidole kimoja. Mama alikichoma kitandiko uani, usufi ukaruka mpaka kwa majirani. Alingoja baba aende kazini ndipo akaniita. Nilidhani zamu yangu ya kipigo imefika, na kwa kweli nilikuwa nakitaka. "Mbona ulisema ni wewe?" nikamuuliza, nikilia kabla hajanigusa. Akajibu akiwa anakunja winda za Athumani, moja juu ya nyingine. "Baba yako hana hasira za mara kwa mara, lakini siku ile alikuwa nazo. Mtu akipiga na hasira ile hajui anapopiga. Mimi ningemudu. Ningekuwa na watoto wawili wagonjwa kwa siku moja ningefanya nini?" "Kuvunja sindano si kosa, Zuhura. Hata mimi huvunja. Lakini nilikuuliza, ukanishikia taa nikipapasa sakafu, ukasema hujui. Hilo siwezi kulibeba. Hilo kaa nalo." Hakunipiga, na hakulitaja tena mpaka alipokufa.

Nilikaa nalo. Kwa upande wa baba mama alibaki na jina la uzembe maisha yake yote. Kwenye harusi hakupewa mtoto wa mtu ampakate. Palikuwa na wifi aliyemzuia kwa mzaha ambao haukuwa mzaha. Naye alicheka pamoja nao. Alipofariki nilikuwa na miaka hamsini na miwili, bibi wa wajukuu wawili, na siku ya hitima Shangazi Mwanahamisi aliletwa akishikiliwa, macho yamekwisha kupofuka. Baada ya dua, wanawake wakinywa kahawa, alisema kwa sauti yake ileile, "Alikuwa mwema marehemu. Ila mikono yake haikuwa na uangalifu, tukubali." Nikajiona nimesimama tena kwenye ule ukuta wa makuti Kigombe. Nikasema, "Shangazi, ile sindano niliivunja mimi. Nilidanganya. Mama alinifichia." Nilijua atanilaani. Mkono wake ulipapasa mkekani mpaka ukanipata kifundo cha mkono. "Zuhura," akasema, na sauti ilikuwa imepungua, "mimi ndiye niliyeikandamiza ikazama. Kwa kidole hiki. Miaka yote hii nasema mama yako, mama yako, ili mtu asije akasema Mwanahamisi." Tulilia pale, vikombe vya kahawa vimepoa, naye Athumani, mwanamume mzima mwenye ndevu, akachungulia mlangoni kuuliza kuna nini.

Siku hizi vunja jungu bado ipo. Mwaka huu tulikwenda Raskazone kwa bajaji tatu, nguo za watoto zimenunuliwa zikiwa tayari, hakuna aliyeshona hata kifungo. Mjukuu wangu mmoja, wa miaka tisa, alichukua simu ya baba yake bila ruhusa akaenda nayo majini, ikamponyoka. Alirudi analia njia nzima na kusema mbele ya watu wote, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Baba, nimeangusha simu yako baharini." Akagombezwa, akalia zaidi, akaambiwa aketi ale. Kabla pilau haijaisha alikuwa akicheka na wenzake. Yake yalikwisha kwa muda wa sahani moja. Yangu yalichukua miaka arobaini na mitatu, na yule niliyetaka anisikie nikiyasema alikuwa amekwisha kuzikwa.